Vyumba vya Bi Tunu

Zamani hizo, ukitafuta chumba Tandika, watu walikuelekeza kwa Bi Tunu. Si kwa uzuri wa nyumba, hata! Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Watu walimfuata mwenye nyumba. Akikaa humo humo, walisema, mpangaji analala usingizi: mwizi haingii, mtoto hakosi wa kumwangalia, na mume mlevi anapita kwa kunyata. Mpangaji akioa, bibi harusi alionyeshwa kwanza kwa Bi Tunu ndipo aingizwe chumbani. Sikukuu ya Idi sinia lilikuwa moja, na Krismasi wapangaji wa bara wakipika ndizi, uani hapatoshi. Raha iliyoje!

Na kazi aliijua, msimwone hivi. Hakumpa mtu funguo mpaka aende mwenyewe kule mtu huyo anakohama, akawasalimu majirani, akawadodosa. Bati aliziba kiangazi, hakungoja masika yamuumbue. Wapangaji wakigombana, aliwakalisha pamoja, hawanyanyuki mpaka wacheke.

Sasa mambo yamegeuka, jamani. Mwanawe wa pekee, Anwar, ameivunja vunja nyumba ndani, akatia vigae, kila chumba na choo chake na luku yake ya umeme. Nyumba inang'aa, na watu hakuna.

Dalali Fakihi alipoulizwa alijikuna kisogo.

"Bi mkubwa, usinichukie. Wateja wanapenda kila kitu, halafu wananiuliza, mwenye nyumba anakaa humo? Nikisema ndiyo, hao!"

"Kwani nawala?"

"Watu wa siku hizi hawataki kuulizwa mgeni wao nani. Wala kwa nini taa inawaka mchana."

Lilimchoma neno hilo, maana yeye ndiye aliyemuuliza mpangaji wake wa mwisho yote mawili, na kijana wa watu akafungasha.

Anwar naye akakazia. "Mama, biashara ndivyo ilivyo. Mwezi huu ukiisha vyumba vitupu, nakuja kukuchukua, ukakae kwangu Tegeta."

Tegeta! Kule geti likifungwa humjui hata anayepita. Bi Tunu aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi, akazalia humu, na jeneza la mumewe likatokea humu. Alilia, wala hakuona haya.

Mwezi ulikuwa ukingoni alipokuja binti mmoja, Kokuberwa, mwalimu. Fakihi alibaki barabarani anaongea na simu, binti akapita mpaka uani, akamkuta Bi Tunu anachagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Vyumba nimevipenda. Eti, mwenye nyumba anakaa humu?"

Bi Tunu akatazama milango yake yote, mmoja mmoja.

"Hapana," akasema. "Yuko Tegeta. Mie mpangaji tu."

"Afadhali!" Kokuberwa akaketi kando yake palepale, akavuta ungo, akaanza kuchagua naye. "Basi nahamia, tena naja na mwenzangu. Ninapokaa sasa, bibi, yule mama kila mgeni wangu lazima amhoji. Mie nilikuwaga namheshimu, sasa nimechoka. Wenye nyumba hawa, Mungu atuepushe nao!"

"Amina, mwanangu," akaitikia Bi Tunu, macho yamemganda kwenye mchele.