Mwonja Maji wa Msikitini

Mtunza maji wa msikiti walimwita Babu Koki, na jina lenyewe alilipenda. Kila siku kabla ya adhuhuri alichota maji ya kisima kwa bakuli jeupe, akatazama rangi, akanusa, akaonja. Uchafu ukibadilisha kimojawapo, maji hayafai kutawadhia. Akiyakubali yeye, mtaa mzima ulitawadha na kubeba ya kunywa. Nani aende maabara? Babu Koki kashasema!

Miaka mitatu nyuma kilifunguliwa kiwanda cha ngozi, ukuta kwa ukuta na msikiti. Mwana wa Babu Koki akapata kazi humo. Imamu alishukuru hadharani: "Hii ni riziki ya halali. Lakini ardhi na maji ni amana, tutaulizwa." Wenye kiwanda wakaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Ijumaa moja binti wa Babu Koki, aliyeolewa mbali, alikuja kumsalimia. Alipiga funda moja, akatema.

"Baba, maji gani haya? Yananuka ngozi mbichi!"

"Loo! Umeshakuwa bibi mkubwa," alicheka mzee.

Binti hakucheka. Mzee akanusa bakuli. Hakusikia kitu. Akaonja, ulimi nao kimya. Binti akakata kitunguu, akamsogezea puani, machozi yakamtoka mzee lakini harufu hakuisikia. Jamani! Pua ilikufa lini? Hakujua, na siku zote hizo alikuwa akiwaambia watu wachote tu.

Alikwenda moja kwa moja kufunga bomba kuu. Mwanawe akamkimbilia.

"Baba, ukisema kisima kimeharibika watafunga kiwanda. Tutakula nini?"

"Kazi sikukatazi, mwanangu. Wasafishe maji yao machafu kabla ya kuyamwaga, wapate faida yao. Kuwanywesha majirani sumu, hilo hapana."

Akatia kufuli.

Watu wakaja, mikono ya kanzu imekunjwa tayari kwa kutawadha, wakakuta koki kavu. Babu Koki akawaeleza yote, na kosa lake mwenyewe hakulificha.

Mama mmoja aliyekuja kuchota aliweka ndoo chini, akamweka sawa mtoto mgongoni.

"Babu, huyu ana mwaka na nusu. Tangu aanze uji, namkorogea kwa maji haya. Kila siku nilikuuliza, ukaniambia nichote tu."