Injini ya Marehemu Kaka, Kutoka Grand Prairie Hadi Katy

Nilitoka Grand Prairie Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, na sababu ilikuwa bahasha. Salma, binti wa marehemu kaka yangu Athmani, aliikuta chini ya kiti cha gari la babake. Ni gari la Kimarekani la miaka ya sitini, milango miwili, silinda nane, likiwashwa majirani wanatoka nje. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya kiwandani, imeliwa na panya pembeni. Rangi ya kwanza, kijani. Viti, vyeusi. Na namba ya injini iliyozaliwa na gari lile. Chini kaka ameandika kwa mkono wake: "Nimeipata Houston. Miaka saba nikiitafuta."

"Ami, iko wapi hii injini?" Salma akaniuliza.

Mimi ndiye niliyeitoa, Mungu anisamehe. Siku ya msiba wanaume hawakuwa na pa kukaa matanga ila gereji, na katikati ya gereji palikuwa na chuma chenye kutu kimefunikwa shuka. Gari lenyewe lilikuwa likienda kwa injini nyingine, basi nikawauliza wazee waliofika, kisha nikajitia ujuzi. Nikamwambia Papa Mulumba, Mkongomani aliyetoka Alief, kule Houston, na pikapu yake kuja kutupa pole, "Chukua hiki chuma, utatusaidia." Tukatandika mikeka, watu wakanisifu kwa kupanga mambo. Salma alikuwa na miaka kumi na mbili. Sasa anaolewa, na alitaka aende harusini na gari la babake, likiwa na injini yake.

Saa tatu nilipita Huntsville. Misonobari mirefu huku na huku, nami nimejaa maneno ya kujitetea, kila nikiyasema peke yangu yananichosha.

Alief niliingia saa tano. Papa Mulumba alinipokea vizuri, akaniketisha, kisha akacheka aliposikia shida yangu.

"Ile moteri? Nilipatia Mzungu moja wa Katy. Si weye ulisema ni chuma ya bure, papa?"

Nilisema. Akaniandikia anwani.

Katy, saa nane mchana. Nyumba mpya, nyasi zimekatwa kama zulia. Mzee wa Kizungu, mstaafu, mpole kupita kiasi, alinikaribisha sebuleni na kuniletea kahawa. Kikombe akakiweka juu ya meza ya kioo.

"Hii nimeitengeneza kwa mikono yangu," akasema kwa Kiingereza, akijisifu.

Chini ya kioo, miguu ya meza ilikuwa injini. Imepigwa rangi nyekundu ya kung'aa. Nilipiga magoti kwenye zulia la watu na tochi yangu, nikasoma namba, nikaisoma tena na karatasi mkononi. Ndiyo yenyewe. Wallahi, nilitamani isiwe.

"Inaweza kurudi kuwa injini?"

"Hapana. Niliikata katikati. Kwa nini?"

Nikamweleza. Yule mzee akaondoa kikombe changu taratibu, akasema, "Samahani sana. Ichukue." Tukaibeba wawili mpaka garini. Kahawa yake sikuinywa.

Nilirudi Grand Prairie jioni, nikaishusha gerejini, palepale palipokuwa na shuka. Salma hakulia. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye zile namba, moja moja.

"Siku ile ulinipa juisi, Ami, ukaniambia nisilie," akasema. "Hukuniuliza kitu. Ile injini tuliifunika shuka mimi na Baba."

Harusini alikwenda na gari la kukodi. Lile la kijani liko gerejini mpaka leo, na meza iko kando yake, hakuna anayeweka kikombe juu yake. Mkiniuliza nilijifunza nini safari ile, nitawaambia hili tu: siku ya msiba wa kaka yangu niliomba ushauri kwa kila mzee aliyefika, na mtoto aliyekuwa akijua alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, nami nikamwambia apishe, nipitishe mikeka.