Bega la Mama Mkwe

Levi Makokha hakufundishwa kushona na mtu yeyote, na alipenda kuwaambia watu hivyo hata kama hawakumuuliza. Alikulia Kiminini, shule ikamshinda mapema, akaenda Kitale kubadilisha zipu na vifungo kwenye soko la mitumba. Koti likimvutia alilinunua, akalifumua mshono mmoja mmoja, akalitandaza chini vipande vipande kama mtu aliyechuna mbuzi, kisha akalishona upya. La kwanza lilirudi na mkono mmoja mfupi. Ya baadaye yalirudi mazuri kuliko yalivyotoka ng'ambo, na akina mama wa Kitale wakaanza kumletea vitenge.

Lakini sindano haikumtosha. Levi alikuwa na ugonjwa wa kutaka kutazamwa. Alicheza densi mbele ya maduka ya simu, pale wanapoweka spika kubwa barabarani kuita wateja. Aliimba kwenye kwaya mpaka akafukuzwa kwa kuiga kikohozi cha mchungaji. Akawa emsii wa harusi, na nguo alizobuni akaziuza kwa kuzivaa yeye mwenyewe jukwaani, za kiume na za kike. Watu walisema kijana huyu ana kazi tano. Mimi nasema alikuwa na moja tu, nayo ni kutazama watu. Ukipita mbele yake alishajua kiuno chako, na alishajua pia unachokificha.

Kilichompa jina hasa ni Kukhu Debora. Kukhu ni bibi, na huyu alikuwa bibi mzee wa kijijini ambaye Levi alimwigiza akiwa amevaa gauni na kitambaa kichwani. Bega la kushoto limeshuka, leso imetupwa juu yake ili lisionekane. Hatua fupi mbili, anasimama kuvuta pumzi, anageuka kugombeza kuku. Hakuna zaidi. Lakini kutoka Kitale mpaka Moi's Bridge watu walikuwa wakimwona anatokea tu, kabla hajafungua mdomo, wanashika mbavu.

Sasa, bega hilo halikutoka hewani. Lilikuwa la Mama Phelista wa Bungoma, aliyemzaa Nasike, mke wa Levi. Ng'ombe alimgonga akiwa msichana, mfupa ukaunga vibaya, na maisha yake yote alilifunika kwa leso. Na kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mkono. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mwingine apite. Levi hakuwahi kumkaribia mama huyo. Alimwona kutoka upande wa pili wa boma tu, na kwa heshima alipaswa kuinamisha macho. Hakuyainamisha.

Mara ya kwanza Nasike alipomwona Kukhu Debora alicheka na wenzake, halafu kicheko kikamkatika. Nyumbani alimwambia mumewe, "Huku Kitale cheka nayo. Lakini hii kitu isivuke Webuye ikafika kwetu. Siku mama ataona hivyo, mimi sina pahali pa kurudi." Levi akaapa. Na alimpenda Nasike, tusimwonee. Jamaa za Nasike walimkataa Levi walipooana, wakisema hawatoi binti kwa mwanaume wa kuvaa rinda. Mtu pekee aliyemtetea ni Mama Phelista. Aliwaambia wamwache, kijana hapigi mtoto wake na anamlisha kwa mikono yake.

Mambo yalitulia hivyo mpaka Kizito, kaka yake Nasike, alipotaka kuoa. Kwa mara ya kwanza ukoo ulimwita Levi kwa mema: ashone nguo za familia nzima. Hapo ndipo Nasike alipoona mlango umefunguka. Kaka zake walikuwa wakipiga simu wenyewe, wakimwita shemeji, neno ambalo hawakuwahi kulitumia.

Kila mtu alipimwa isipokuwa Mama Phelista, kwa kuwa fundi alikuwa mkwe wake. Nasike akaleta gauni la zamani la mama yake, pana, la miaka aliyokuwa na mwili. "Kata kama hii," akasema. "Usiongeze, usipunguze. Ikiwa kubwa ndiyo sawa." Alijua anachosema. Gauni linalopwaya lingekuwa ushahidi kwamba mkwe hajui mwili wa mama mkwe. Mwanamke yeyote wa Bungoma angeliona, angeridhika, angeenda kula.

Levi alilitazama gauni lile akaona gunia. Alijua mama amekonda. Alijua kiuno kimeenda wapi na mgongo umepinda kiasi gani, maana mwili huo alikuwa akiuvaa jukwaani kila Jumamosi. Angewezaje kushona kitu kibovu mbele ya ukoo mzima, siku ambayo ukoo mzima ungekuwa umevaa kazi yake? Akakata kwa jicho. Ndani ya bega la kushoto akaweka pedi nene, bega la kulia akaliacha, mabega yakawa sawa. Nasike hakuliona, kwa sababu Levi alilifunga kwenye karatasi akasema ni zawadi.

Asubuhi ya harusi Mama Phelista alitoka chumbani bila leso. Alitoka amenyooka. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi waliacha visu. Alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo watoto wake hawakuwahi kuiona, akijishika bega kama anayesalimiana na mgeni, na kwa dakika chache hapakuwa na mtu Bungoma nzima mwenye furaha kama yake. Kisha dadake, Nakhungu, akamzunguka mara moja, akashika kiuno cha gauni, akashika bega, akauliza, "Nani alikupima?"

Mama Phelista akasema hakuna aliyempima.

"Hakuna," Nakhungu akasema. "Basi huyu mkwe wako alikuona ukiwa umevaa nini?"

Hakuna aliyecheka. Tabasamu la mama lilitoka usoni polepole. Akaingia ndani, akatoka na leso, akaitupa begani juu ya pedi, na sasa alionekana ana nundu. Nasike akamtafuta Levi nyuma ya hema. Hakumkemea. Alimwambia tu kwamba ataongea na mama yake jioni, wataelewana, ila yeye leo akae kimya, asishike kipaza sauti hata kwa kusalimu.

Levi alikaa kimya mpaka baada ya chakula. Vijana rafiki zake Kizito, waliowahi kumwona Kitale, ndio walioanza. "Kukhu! Kukhu! Tupee Kukhu, bana!" Akakataa kwa kichwa. Wakapiga meza. Wageni wasiomjua wakapiga meza pia. Nasike alikuwa akimtazama kutoka upande wa jikoni, na Levi aliona vizuri kabisa kwamba anamtazama. Lakini asubuhi yote hiyo watu walikuwa wamemkwepa, na sasa watu mia tatu walikuwa wakimtaka. Akaazima leso kwa mwanamke wa karibu.

Alishusha bega. Hatua mbili, akasimama, akavuta pumzi. Hema likalipuka. Kisha kicheko kikaanza kufa upande mmoja, upande wa jamaa, kikafia huko mpaka wakabaki kucheka wageni peke yao. Mama Phelista aliinuka kutoka kiti chake cha mbele. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika ila kupita katikati ya watu. Akapiga hatua mbili, akasimama, akavuta pumzi. Kuna mgeni alicheka, akidhani ni sehemu ya mchezo. Wakacheka wengine. Walimcheka mpaka alipofika mlangoni, na wengi wao hawakujua walichofanya hadi walipoelezwa.

Nasike hakurudi Kitale. Alikuja siku moja tu kuchukua nguo, akazikunja kitandani, akaacha rinda moja la kijani alilolisahau kwenye msumari. Wazee walisema Levi anaweza kuja na kondoo, aombe msamaha, mambo yasafishwe. Lakini shauri lilikuwa la Mama Phelista, na Mama Phelista alisema hapana. Basi Nasike akabaki Bungoma, akimpikia, akimsihi kidogo kidogo, msimu mzima wa mahindi.

Levi naye alilia. Alifunga kibanda, akakonda, hakushona kitu. Kisha Gachanja, mwenye ukumbi mjini Kitale, akamjia akisema habari za harusi zimefika kila mahali na watu wanataka kuzisikia kwa mdomo wake. Levi akapanda jukwaani akaeleza huzuni yake kwa ukweli, na hakuna aliyecheka. Watu walianza kutazama simu. Jumamosi iliyofuata alipanda na rinda la kijani. Akaonyesha Nasike akikunja nguo: anavyozipiga piga, anavyouma mdomo, anavyotembea na begi akivuta mguu mmoja kwa hasira. Watu walilia kwa kicheko. Gachanja akampa kila Jumamosi alasiri.

Mama Phelista alilainika mavuno yalipokuwa yakiingia. Alisema amezeeka, hawezi tena kushikana na kinyongo, kijana alete huyo kondoo. Nasike hakutaka kulisema kwenye simu. Alifika Kitale, akaenda kibandani, akaelekezwa ukumbini. Aliingia akasimama nyuma, karibu na mlango, akaliona rinda lake.

Levi alimwona. Nataka hilo lieleweke. Alimwona, moyo ukamruka, na mdomo ukataka kumwita. Wakati huohuo watu wa mbele walikuwa wakianza kucheka, na alijua kicheko hicho kikikatwa hakirudi. Miguu iliendelea. Nasike akageuka kuondoka, na Levi akashuka jukwaani akamfuata kati ya meza, nyuma yake kabisa, akivuta mguu kama yeye, akiuma mdomo kama yeye. Ukumbi ukasimama kuwaona wawili.

Mlangoni Nasike akageuka. Wakatazamana kwa karibu, na kila mtu akanyamaza kusikia.

"Mama amekubali," Nasike akasema. "Ni hiyo tu nilikuja kukwambia."

Kilikuwa kimya cha kungoja. Levi alikijua kimya hicho kuliko alivyomjua mtu yeyote duniani. "Mama amekubali," akasema, kwa sauti ya Nasike, na ile pumzi ndogo ya mwisho aliitoa sawasawa kabisa.

Watu walipiga meza mpaka soda zikamwagika. Nasike alikuwa ameshafika barabarani, akiuliza magari ya Bungoma yanajazia wapi, na Levi alikuwa bado ameinama pale mlangoni, akipokea makofi.