Wimbo wa Mazoezi Kwenye Maandamano

Kocha wetu wa mpira wa kikapu alitupa habari ile kama mtu anayetoa adhabu: Ijumaa chuo kizima kingeandamana kupinga ubakaji na unyanyasaji wa wasichana, na sisi wanamichezo tungekuwa mstari wa mbele.

"Mwenye hatakuya pa marche, samedi hachezi," akasema, yaani asiyeandamana asahau mechi ya Jumamosi.

Basi huruma ikatuingia ghafla, wote kumi na wawili. Kapteni wetu, jitu la mita mbili ambalo sijawahi kuliona likimpisha msichana mlangoni, aliuliza swali moja tu: fulana zitakuwa za rangi gani? Zilipoletwa, tukabishana nusu saa nzima nani apewe zile zinazobana kifua.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda, ingawa sikuwaambia wenzangu. Binti wa mama yangu mdogo, tuliyelelewa naye nyumba moja kule Kamalondo, alikuwa mwaka wa kwanza. Mmoja wa wasaidizi wa walimu, wale tunaowaita asistan, alimfungia ofisini mwake akamshika kwa nguvu. Ndugu yangu alikuwa ameandika barua ya mashtaka, kurasa mbili, na siku ya maandamano barua kama hizo zingepokelewa hadharani mbele ya ofisi za wakuu wa chuo. Wiki nzima hakula vizuri.

"Yaya, kama munakuya, mi natembea nyuma yenu. Sitaogopa," aliniambia, maana mimi ndiye yaya, kaka yake mkubwa. Akanipa barua nimbebee.

Tulianza kwa adabu, nyuso zimekunjwa kama tuko msibani. Lakini wanamichezo wa Lubumbashi hatujui kutembea. Kila Jumapili asubuhi tunakimbia barabarani kwa kundi, tunapiga makofi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Miguu yetu haijui namna nyingine. Hatukufika mbali kapteni akachoka na heshima.

"Bantu banalala! Tuimbe!"

Akaanzisha ule wa mazoezi, ule tunaoujua wote. Unasimulia msichana mgeni chuoni anayesema hapana, na sisi tunaitikia kwamba hapana yake ni ndiyo. Hapo ndipo akili zetu zilipofikia! Tuliuimba kwa raha, chini ya bango kubwa linalodai heshima kwa wanawake, makofi yamepamba moto. Nyuma yetu wasichana waliacha kupaza sauti, kikundi kimoja baada ya kingine, na sisi tukadhani wanatusikiliza kwa kuvutiwa. Mpiga picha akatuomba turudie kiitikio tukimtazama yeye. Tukarudia.

Mbele ya ofisi, mkuu mmoja alikuwa amesimama kwenye ngazi akipokea barua. Nikageuka kumtafuta ndugu yangu. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, mkono ameunyoosha.

"Nirudishie barua yangu, yaya."

Nikamwambia wenzake wanapeleka zao, ni hatua ishirini tu, nitamsindikiza. Hakuushusha mkono wake. Aibu ikanipanda, nikaanza kumtukana kapteni: mjinga, mnyama, mtu asiye na mama wala dada. Nilitukana vizuri sana, kwa hasira ya kweli kabisa. Ndugu yangu alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Na weye, uliimba?"

"Hapana," nikasema.

Akaichukua barua, akaikunja mara nne mpaka ikaenea kwenye kiganja.

"Njia yote nilikuwa nyuma yako," akasema.

Akaenda zake nyumbani, na asistan yule anafundisha mpaka leo.