Kofia Nyekundu za Kituo cha Kumi na Moja

Harufu ya ngula iliyochanganywa na mawese hunirudisha kijijini kwetu Mushaki hata nikiwa mbali, na nimekuwa mbali mara nyingi. Ngula ni unga mwekundu wa mti wa msituni. Baba aliuleta kutoka Walikale alipofuata mbao, na mimi, Sifa, binti yake wa miaka minane, nikawa mpaka rangi wake. Vidole vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha, na majivuno yangu hayakuwa na mfano mlimani kote.

Padri alikuwa amempa Baba kazi ya kuchonga Njia ya Msalaba, vibao kumi na vinne, kimoja kwa kila kituo, viwe tayari kabla ya Ijumaa Kuu. Pasaka hiyohiyo Mama angebatizwa. Alikuwa amesoma katekisimu miaka minne. Nguo yake nyeupe ilikuwa imekunjwa ndani ya kikapu, nasi tulikatazwa hata kuisogelea.

Kwenye ukuta wa kanisa kulikuwa na picha ya Yesu mwenye taji, na miguuni pake bendera ya Bula Matari, yaani Serikali, yenye nyota ya njano. Shuleni tuliimba kwamba Mungu ndiye aliyemkabidhi Mfalme wa Ubelgiji nchi yetu. Sikuona ajabu. Picha ilisema hivyo, nami niliamini picha.

Baba alikwama kwenye askari wa Pilato. Alimuuliza katekista, Papa Dominiko, walivaa nini.

“Weye nawe, Papa Sifa! Askari iko askari. Chonga tu!”

Baba aliwajua askari wa namna moja tu. Tulishuka Sake, tukatua mzigo wa viazi karibu na kambi kama watu waliochoka, tukawatazama hadi jua likapinda. Kisha akachonga kibao cha kumi na moja: askari wanne wakimpigilia Yesu misumari, miguu peku, fimbo kiunoni. Kofia zao nilizipaka mimi, nyekundu kabisa.

Ijumaa Kuu tulimfuata Padri kutoka kituo hadi kituo tukipiga magoti. Kufika cha kumi na moja, jirani yetu Mama Furaha alisimama, akamwonyesha kidole mmoja wa askari wa kibao.

“Njo huyu! Njo huyu alipigaka bwana yangu kwenye barabara!”

Wanawake wakalia. Sijawahi kusikia tena kilio kama kile kanisani. Padri alikisogelea kibao, akamgeukia Baba.

“Hizi ni kofia za nani?”

“Kofia tu, Padri. Za zamani.”

Nilidhani Baba amesahau. “Hapana, Baba! Iko kofia ya askari ya Bula Matari! Tuliendaka kuziangalia Sake!”

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

“Mimi sikumwambiaka kitu,” akasema Papa Dominiko, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Padri hakupaza sauti. Alisema askari wa Mfalme wanailinda nchi ya Kristo, na anayewachonga wakimsulubisha Yesu anawatukana Mungu na Mfalme kwa pamoja. “Utaziondoa kesho, ama jina la mke wako litaondoka kwenye orodha ya ubatizo.”

Kesho yake Baba alizichonga kofia zile zikaanguka vipande vipande, nami nikafagia. Jumapili Mama alibatizwa. Aliitazama nguo yake zaidi kuliko alivyomtazama Baba.

Shule niliiacha mwaka uliofuata, nikaanza kutangatanga. Nilikuwa mtu mzima nilipopita tena mlimani na kuingia kanisani. Nilikumbuka jinsi Padri alivyoridhika na kibao kofia zilipoondoka, nikaelewa kwa nini Baba, kila akifika mbele ya kibao hicho, alikuwa akitazama chini. Askari wanne walikuwa bado wanapigilia misumari. Bila kofia, vichwa wazi, miguu peku, walikuwa wanaume wa mlima wetu. Mmoja, naapa, alifanana na Baba.