Ng'ombe Yuko Tu

Nilipoanza kufuga kwa simu, ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja. Programu iliitwa ya kusimamia kundi, nami sikuona haya. Nikaandika "Idadi: 1", nikabandika picha, nikajiita mfugaji wa kisasa.

Mimi ni mwalimu Migori mjini. Ng'ombe alikuwa kwa mama, nje kidogo ya Rangwe. Matanga ya baba yalikuwa yamemaliza zizi zima, maana waombolezaji wetu hawashibi machozi. Mtamba huyu wa gredi, chotara wa maziwa, nilimnunua mimi, lakini mama ndiye aliyemkatia majani kila asubuhi. Alikuwa akimngoja ndama wa kwanza ili zizi liitwe zizi tena. Hakuwa na ombi lingine kwa Mungu wala kwangu.

Kazi ya programu ilikuwa rahisi. Ng'ombe akipandishwa, unaandika tarehe. Wiki tatu zikipita inakuuliza kama amerudi kwenye joto. Ukijibu hapana, inaanza kuhesabu siku za mimba na kukuchorea kindama kinachokua. Ukijibu ndiyo, inakuwekea alama nyekundu. Siku ile ya kwanza nilituma picha ya ukurasa wangu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Amepandishwa leo." Nilipongezwa kana kwamba nimepandisha mwenyewe. Mama alizisikia habari hizo sokoni Rangwe, kwa muuza omena ambaye si hata wa ukoo wetu.

Wiki tatu zilipotimia nikampigia.

"Mama, ng'ombe amerudi joto?"

"Yuko tu, wuoda, mwanangu."

Kwetu mtu mwenye adabu hasemi zaidi ya hapo. Mimba haitangazwi, iwe ya mtu au ya mnyama, maana huwezi kujua ni nani mwenye jicho baya atakayesikia, kilichomo tumboni kiharibike. Haya nilifundishwa kabla sijang'oa jino la kwanza. Lakini programu haikuwa na kitufe cha "yuko tu". Ilitaka ndiyo au hapana, nami nikambana mama yangu mzazi kama karani wa mahakama.

"Amerudi au hajarudi?"

Akasema, "Amerudi."

Nikamwambia amwite tena daktari wa mbegu ampandishe. Baada ya siku mbili akanijulisha kwamba daktari amekuja. Mchezo huo tuliucheza mara tatu. Kila mara nilijaza ukurasa wangu kwa bidii, na hata mara moja sikupanda gari kwenda kumwona huyo ng'ombe. Ningefuata nini huko, na habari zake zote ninazo mfukoni?

Programu ikatoa hukumu: "Uzazi hafifu. Inashauriwa kumwondoa." Niliwasomea walimu wenzangu, wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikangoja shule zifungwe.

Likizo ilipofika, mama alikuwa Asumbi kwa mafungo ya akina mama wa kanisa. Nilitaka arudi aambiwe kwamba ng'ombe tasa ameondoka na mwingine bora yuko njiani. Nikamwita mnunuzi kutoka Kehancha. Nilimkuta ng'ombe amenona, tumbo limejaa, nikasema moyoni kwamba ndivyo walivyo tasa, wanakula na kunenepa tu. Mnunuzi alimzunguka. Akamsukuma ubavu wa kulia kwa ngumi, akauacha mkono pale kwa muda, akakohoa.

"Hii ng'ombe iko mbaya, mwalimu. Lakini wacha nikusaidie."

Nikamwonyesha simu, asije akadhani namficha kitu. Akaisifu simu yangu sana. Akampakia ng'ombe kwenye pikapu na kuondoka hata kabla chai haijachemka.

Mama aliporudi alisimama langoni mwa zizi, mkoba ungali begani. Nikamweleza ile hukumu. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Tumbo lake lilikuwa limeingia mwezi wa sita," alisema.

"Mbona uliniambia amerudi?"

"Ulinibana. Ningekuambia ukweli, na simu yako ina mdomo kushinda soko lote?"

Nilienda Kehancha kesho yake kuomba nirudishiwe. Mnunuzi alinipa soda na kiti cha kivulini. Nilipomtaja ng'ombe, aliuliza, "Ng'ombe gani?" huku ameshika fungu la majani mabichi. Nilirudi mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza niliona aibu mbele ya mama.

Miezi kadhaa baadaye nilimpelekea mtamba mwingine. Mama alimpokea, akanishukuru, akamfunga mwenyewe. Programu nilikuwa nimeifuta, na nilihakikisha amejua hivyo. Akasema ni vizuri.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani. Baada ya chakula niliinuka nikazungukie nyuma, nimtazame huyo mtamba. Mama akanishika mkono.

"Kaa hapa," alisema. "Huko kuna matope."

Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Niliketi. Jirani mmoja, mama mzee wa ng'ambo ya kijito, akapita na mzigo wa majani, akaingia moja kwa moja hadi zizini, akakaa huko muda mrefu, na mama hakumzuia. Jicho baya alilokuwa akilikinga lilikuwa langu.