Gorogoro Ninayopimia Si Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Wa soko letu wakinitambua, basi. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka arobaini na moja, Msabato, nauza mahindi hapa Nyakoe.

Niseme ukweli: nina wivu. Namwonea wivu Mama Kwamboka tangu alipoweka meza yake kando ya yangu. Mahindi yetu yanatoka Nyansiongo na lori moja, bei ni moja, lakini wateja wananipita kama sipo wanaenda kwake. Anacheka na kila mtu. Kanisani ni shemasi. Mume wake humbebea magunia na kumshikia meza Jumatatu. Wangu hajui hata meza yangu iko upande gani. Nikiwaona wakicheka, chakula hakishuki.

Na wateja walikuwa na sababu. Gorogoro yangu, ule mkebe wa kupimia, nilikuwa nimeigonga chini kwa nyundo ikabonyea ndani. Ukiangalia juu imejaa mpaka inamwagika, kumbe umepunjwa. Yake ilikuwa nzima, na bado alikuongezea konzi moja.

Ijumaa moja tulifunga mapema kwa ajili ya Sabato. Yeye alitangulia, akaniachia vitu vyake nimfungie stoo, maana ananiamini. Mikebe yetu inafanana. Nikabadilisha: nikachukua yake, nikamwachia yangu.

Jumanne mzee mmoja akarudi na mahindi yake akipiga kelele. "Mama Kwamboka, hata wewe? Nimepima nyumbani, haifiki!"

Watu wakajaa. Akajibu, "Baba, mimi siibii mtu. Chukua gorogoro ya jirani tulinganishe."

Wakachukua yangu, yaani yake. Wakamwaga ndani mahindi aliyopima, hayakujaa. Akageuza mkebe wake, akaona chini palivyobonyea. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Wateja wake wote wakahamia kwangu wakisema mama huyu ni mwaminifu.

Hakunishuku hata kidogo. Alimshuku mume wake, kwa sababu ndiye alishika meza Jumatatu. Wamegombana mpaka mume amehamia kwa kaka yake Mosocho. Sasa anajibebea magunia peke yake. Nilidhani nikiona hivyo moyo utatulia.

Kanisani wakamsimamisha ushemasi. Leo Sabato wakanipa mimi nisome Amosi, pale nabii anapowakemea wanaoona Sabato inachelewa kuisha ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, wawapunje maskini. Nilisoma mpaka mwisho. Watu hawakuniangalia mimi. Walimwangalia yeye, naye akainamisha kichwa.

Ibada ilipoisha akanifuata nje, akanishika mkono. "Dada, umesoma vizuri. Kesho niazime gorogoro yako, hata siku moja tu. Watu wakiniona na yako wataniamini tena."

Nikasema sawa.

Ndugu zangu, nikiungama, mume atarudi, ushemasi atarudishiwa, na watu watampenda mara mbili. Mimi sitauza tena soko hili. Na wivu haujaisha, naona aibu kuandika hivyo. Mama huyu amevunjiwa nyumba na bado ndiye ananisalimia kwanza.

Kesho asubuhi anakuja kuniomba mkebe wake mwenyewe. Nimwazime ninyamaze, ama nimwambie ni wake? Nishaurini mapema, kabla hajafika.